Pango la Nyayo

Asubuhi ile, kama asubuhi zote tangu mwamba ufungwe, Mwanamvua alitoka mlangoni kwake, akatembea mpaka kwenye mchanga mbichi, kisha akageuka kutazama alipopita. Hapakuwa na kitu. Mchanga ulilala vilevile maji yalivyouacha, na vinjia vya kaa wadogo vilikatiza mahali ambapo visigino vyake vilipaswa kuwa. Watu aliwaambia kwamba amekwisha kuzoea. Lakini mtu aliyezoea hageuki nyuma kila asubuhi.

Msomaji asiharakishe kusema hii ni ndoto. Pwani hiyo ipo. Haina jina tu, kwa kuwa watu wake hawajawahi kuwa nje yake, na kitu usichowahi kukitoka hukipi jina. Huko kila jambo la maana husomwa mchangani. Mke akitaka kujua mumewe alilala wapi, hasumbuki kuuliza. Huamka mapema kidogo kuliko upepo. Wagomvi hujulikana kwa vidole vilivyochimba, wachumba kwa mahali nyayo zilipokaribiana mno. Wasioandika chochote ni wawili: maiti, na yule aliyefunga mwamba.

Kufunga mwamba ni hivi. Mwamba ukikonda, pweza wakawa hawazidi ngumi ya mtoto, changu wakahama, matumbawe yakapondwa na miguu mpaka yakabaki kifusi, watu hukaa wakamchagua mmoja wao. Hawamchagui tajiri wala mwenye sauti. Wanamchagua mtu ambaye nyayo zake zinatambuliwa na kila jicho. Naye huenda mwambani maji yakiwa yamekupwa kabisa, huchagua pango zuri kuliko yote, hushusha miguu yake miwili ndani, na akiitoa, nyayo hubaki. Hukita mti wa mkandaa ukingoni, na tangu hapo hakuna anayechokoa, hakuna anayeburura wavu, hakuna anayekanyaga. Nyayo zinalinda. Siku ya kufungua, yeye huwa wa kwanza. Humtoa pweza aliyejiweka katika pango lile, pweza huyo hupikwa aliwe na wote hata wenye kununiana, kisha hushusha miguu pangoni, nyayo zikamrudia, akang'oa mti, watu wakaingia kwa vigelegele. Mama yake Mwanamvua alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Kwa nini mwamba hukonda tena upesi namna ile baada ya kila kufunguliwa, hilo hakuna aliyeuliza. Waliona ni tabia ya mwamba, kama vile tabia ya mkwe.

Nyayo, Mwanamvua mwenyewe asingezililia sana. Tatizo lilikuwa mjukuu.

Kazija alizaliwa wiki ile mwamba ulipofungwa. Wenzake waliozaliwa naye sasa walikuwa wanakimbiza kuku, na mmoja wao alikwisha kuanguka kisimani akatolewa. Kazija alikuwa bado anatambaa. Si mgonjwa, miguu imenona, sauti anayo ya kuamsha mtaa. Ila katika pwani ile mtoto hukanyaga hatua zake za kwanza ndani ya nyayo za bibi yake, mchangani, maji yakiondoka, ili miguu ijue kwao. Na nyayo za bibi zilikuwa chini ya maji, pangoni, zinalinda riziki ya watu.

"Tena amefanya," alisema Mafunda, binti wa Mwanamvua na mama wa Kazija, alipomwona mama yake akirudi kutoka mchangani. Alikuwa amemkamata Kazija kiunoni karibu na mtungi wa maji. "Nimegeuza uso tu nichochee moto, nakuta kashikilia mtungi kasimama. Nikamwahi, nikamkalisha. Ngoja, mwanangu. Ngoja nyayo za bibi."

Kazija alimtazama bibi yake kwa macho ya mtu aliyeonewa.

"Aliinua mguu?" Mwanamvua aliuliza.

"Mama, ningemwacha mpaka ainue? Akikanyaga pasipo na mtu aliyetangulia, si atapotea maisha yake yote? Jirani kanambia jana, ati, mwanao kiwete huyo, mpelekeni akasomewe. Nikamjibu, si kiwete, anangoja. Akacheka." Mafunda alifuta mikono kwenye kanga, na sauti yake ikashuka. "Leo bamvua, mama, maji yatakupwa mpaka mwisho. Leo si mnafungua?"

Mwanamvua alisema ndiyo, leo. Moyo wake uliruka kwa furaha iliyochanganyika na kitu kingine, na kile kitu kingine hakukitazama.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Vuai, ndugu wa marehemu mumewe, mkuu wa watu wa mikuki. Alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu nyeupe na adabu nyingi. Nyumbani kwake palikuwa na midomo mingi na chungu kidogo. Alibisha hodi mara zote zinazotakiwa, akakaribishwa, akakaa kwenye kibao, akauliza hali za wote pamoja na ya mbuzi.

"Shemeji," alisema hatimaye, "watu wako mchangani tangu alfajiri. Mikuki imenolewa mpaka imekuwa myembamba. Miye nimewaambia tulieni, mwenyewe ataondoka akiwa tayari."

"Niko tayari, shemeji."

"Bamvua iliyopita ulisema hivyohivyo, kisha ukasema matumbawe bado machanga."

"Yalikuwa machanga."

"Na ya kabla yake?"

Vuai aligeuza kofia yake mkononi.

"Nikuulize kitu, usinikasirikie. Mlinzi akikataa kuondoka mlangoni, tumwite nani?"

Lilikuwa swali la haki, ndiyo maana likachoma. Tangu afunge mwamba, watu walimwamkia Mwanamvua kabla hajawaamkia. Akipita wanaume husitisha maneno. Mwanamke aliyekuwa akigombana naye kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo sasa humletea mhogo. Yeye aliyekuwa kama wengine amekuwa mtu ambaye bahari nzima inamngoja aseme. Je, alikuwa analinda samaki, au analinda kule kuamkiwa? Mlinzi na mwizi wote hulala nje ya mlango, tena wote hawalali vizuri. Aliyefunga mlango wa nyumba isiyo yake tutamjuaje ni yupi kati ya hao wawili? Labda atajulikana siku ya kufungua, kwa kile atakachotoka nacho mkononi. Mwanamvua alilifikiri hilo huku akijifunga kanga kiunoni, akaona haya, akaenda.

*

Katika pwani hiyo umri huenda na maji. Ukitoka nyumbani kuelekea mwambani maji yakiondoka, kila unavyokwenda mbali miaka inakuvuka kurudi nyuma, na ukirejea maji yakijaa inakupanda tena. Watu wamezoea. Mgongo wa Mwanamvua ulinyooka alipofika kwenye nyasi za bahari. Meno mawili yaliyomtoka wakati wa mimba ya Mafunda yalirudi alipovuka mkondo wa kwanza, naye akayagusa kwa ulimi kama anavyofanya siku zote, ahakikishe.

Alikwenda polepole. Nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja, ndefu kuliko alivyozikumbuka, na katika vidimbwi vilivyobaki kati yake vitoto vya samaki tasi vilikuwa vinapishana, vingi mno, vingine vidogo hata unaona matumbo yake. Viti vya pweza, vile vinyama vya ncha tano kama nyota, vilikaa juu ya mchanga, vyekundu na vya rangi ya udongo, havina haraka ya kwenda kokote. Jongoo bahari alikuwa kazini: mnyama asiye na uso, anakula mchanga mchafu, anautoa safi, hadai shukrani, na watu wakimwona husema kinyaa. Mwanamvua alimpita kwa heshima. Siku alizopita hapa kuja kufunga, hapakuwa na hata huyo. Maji yalikuwa matupu na mchanga umenuka.

Akawaza: nani ameyafanya haya? Si mimi. Mimi sikupanda jani. Sikumzaa samaki. Bahari haifungiki, haina mlango, haina kitasa, usiku inakwenda inakotaka na asubuhi inarudi na vitu ambavyo hukuviagiza. Kilichofungwa ni miguu ya watu. Mtu mmoja ametoa miguu yake ikawa dhamana, wengine wakaizuia ya kwao, na katika ile nafasi ndogo ambapo hakuna mguu, vitu vimekumbuka kuzaliwa. Basi hilo ndilo tunaloliita uwezo? Kutokuwepo mahali? Kama ni hivyo, mwenye nguvu kuliko wote duniani ni yule ambaye hajazaliwa, na sisi wengine tumekwisha kuchelewa.

Alicheka peke yake. Alikuwa amekuwa msichana wa kuposwa, na wasichana wa kuposwa hucheka ovyo.

Mwamba ulipoanza, alipita juu ya mawe anayoyajua kwa nyayo, asikanyage tumbawe. Chini yake samaki pono walikuwa wanakwangua mawe, krr, krr, na chewa mmoja mnene alimtazama kutoka kivulini kwa uso wa mdai. Mti wa mkandaa ulikuwa umesimama ukingoni, umeota chaza. Na pale chini ya mti, pango lake.

Mlango wa pango ulikuwa umezibwa kwa mawe.

Hilo lilimshangaza. Aliinama, akaondoa jiwe moja, kisha la pili, akatazama ndani ya maji yaliyobaki humo. Kwanza hakuona kitu ila jiwe. Kisha jiwe likafumbua jicho. Pweza alikuwa mkubwa, jike, amekaa juu ya nyayo za Mwanamvua, mikono minane ameikunja, lakini ngozi yake ilikuwa imepauka na kulegea kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Na juu yake, kutoka kwenye dari ya pango, vilining'inia vishada vyeupe, vingi, vyembamba, punje kwa punje, mfano wa mchele uliotungwa kwenye uzi. Pweza alikuwa anavipulizia maji. Vishada vikitikisika, anapumzika. Kisha anapuliza tena.

Ngozi ya pweza ilibadilika. Doa jekundu, doa jeupe, mstari mweusi wa pindo: ilikuwa kanga ya Mwanamvua, ile ile aliyojifunga, imechorwa juu ya mwili usio na mfupa. Na sauti iliyotoka humo, msomaji atanisamehe, ilikuwa sauti ya Mwanamvua mwenyewe, ila imechoka.

Sijala. Sikumbuki njaa ilivyo. Kaa hupita mlangoni, mnono, nami namtazama, sisemi naye. Napuliza.

Umekuja kuchukua miguu yako. Naijua. Nimeikalia tangu nilipoingia. Kisigino cha kushoto kina ufa. Ulisimama sana uzazini mwa binti yako, ukaegemea huo. Napuliza.

Miye sina mfupa wa kumwachia mtu unyayo. Nikipita hapabaki kitu. Hawa hawataniona. Watatoka siku yao, wadogo kama punje hizi, na siku hiyo nitakuwa nimekwisha. Hakuna atakayewatangulia. Hakuna atakayewaambia huku, si huku. Na bado watajua kushuka mwambani. Nani aliwafundisha? Nani alinifundisha? Usiniulize. Napuliza.

Nitoe basi, kama unanitoa. Ila wewe ni nani, uliye nje? Na miye ni nani, niliyekalia nyayo? Nani kati yetu ni mlinzi?

Mwanamvua alirudi nyuma. Haikuwa sauti iliyomtisha, bali vile vishada vyeupe. Alikuwa amekwisha kuviona. Si leo. Aliviona wapi?

Alijua ni wapi. Mbele kidogo, mwamba unapoanza kushuka kuelekea kilindini, lilikuwapo pango la mama yake, ambalo mama yake alilifungua miaka ile. Akaacha pango lake, akaenda. Hatua chache tu, lakini huko mbali kila hatua ni miaka mitatu minne, na alipofika kanga ilikuwa inaburutika chini kwa ukubwa, na mkononi alikuwa ameshika kikapu. Mama yake alikuwa amesimama pale, kijana, mzuri, maji magotini, watu wamemzunguka.

"Sogea na kikapu, Mwanamvua, unazubaa nini?"

Akasogea. Mama yake aliingiza mkono pangoni, akavuta. Pweza alitoka bila ugomvi, mzito, ameshikilia dari kwa mikono miwili mpaka mwisho, na mikono hiyo ilipobanduka ilitoka na vishada vyeupe vilivyokatika na kuelea juu ya maji. Watu walipiga vigelegele. Samaki wadogo walikuja mbio wakazila zile punje nyeupe, dakika ile ile, karamu. Mama yake alipangusa pango kwa kiganja, akashusha miguu, akafumba macho kwa raha, nyayo zake zimemrudia.

"Mama, ule mchele mweupe ni nini?"

"Takataka za pango. Ukifungua ni lazima usafishe kwanza, ndipo usimame. Shika kikapu."

Naye akashika kikapu.

Kisha mama hakuwapo, watu hawakuwapo. Lilibaki pango peke yake, sakafu yake laini, safi, tupu. Mwanamvua aliingiza mkono wa kitoto ndani yake. Hapakuwa na pweza, hapakuwa hata na ganda la kaa alilotupa. Akaangalia pango la bibi yake, jirani: tupu. Na lile jingine la mbele yake: tupu. Mapango mazuri kuliko yote mwambani, yaliyochaguliwa na watu wenye jicho, yaliyolindwa muda mrefu kuliko mengine yote, na ndani yake kila mara aliingia jike aliyetafuta mahali pa amani pa kuzalia. Nao kila walipofungua, walianza na huyo. Walifunga kwa miguu, wakafungua kwa mama. Kisha wakarudi nyumbani na nyayo zao, wakashangaa mwamba unakonda.

Alikaa juu ya jiwe akalia, kwa sauti, jinsi mtoto anavyolia, kwa kuwa hapo alikuwa mtoto. Alimlilia mama yake aliyekuwa hajui. Kisha akalia kwa sababu ya Kazija, maana sasa aliona kilichokuwa mbele yake. Nyayo zake zimo chini ya yule jike. Amtoe, mjukuu atembee leo hii, na watoto wale weupe waliwe kwa dakika moja. Asimtoe, Kazija akae chini. Angoje tena bamvua nyingine? Akingoja, Vuai ana haki ya kumwita mwizi, na nyumba ya Vuai haina kitu jikoni. Alitazama kila upande wa jambo lile na halikuwa na upande mzuri.

*

Alipowaona watu wanakuja, alikuwa amekwisha kurudi kwenye pango lake na kuwa msichana tena. Waliongozwa na Vuai, ambaye kwa umbali ule alikuwa kijana asiye na unywele kidevuni, kifua mbele, mkuki begani. Aliendelea kumwita shemeji, ingawa mahali pale Mwanamvua alikuwa bado hajamwona hata huyo kaka wa Vuai aliyekuja kumwoa.

"Umekawia, shemeji. Maji yatageuka."

"Njoo utazame."

"Natazama nini? Mtoe, tuanze."

"Vuai. Inama."

Akainama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kumwona pweza. Nyuma yake wanawake waliovaa kanga za kazini walikuwa wanavutana, huyu anauliza kuna nini, yule anasema nipishe nione. Vuai alipoinua uso, ujana wote ulikuwa haumsaidii.

"Hizi si ndizo takataka za pango?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndizo."

"Zinatingishika. Zina macho."

"Ndiyo."

"Miye mwenyewe nimezisafisha kwa mkono huu. Siku ya mama yako nilikuwepo. Nilimsaidia kusafisha." Aliutazama mkono wake, akaufutia kwenye shuka, akautazama tena. "Sasa tufanyeje? Kwangu watoto hawajala vya maana tangu juzi. Usiniambie tungoje, shemeji. Nitasikia, lakini usiniambie."

Mwanamvua alisimama. Alikuwa akilijua neno la kusema tangu pale alipolia, na alilichelewesha kidogo tu, kama mtu anayeshika kitu chake mara ya mwisho kabla ya kukitoa.

"Hatungoji. Mwamba unafunguliwa leo."

Aliushika mti wa mkandaa kwa mikono miwili akaung'oa. Watu wakaguna. Haijapata kutokea mti ukang'olewa kabla ya nyayo, na wazee husema mti ukitangulia, nyayo hazirudi tena.

"Na nyayo zako?" Vuai aliuliza.

"Nimempa aliyezikalia."

"Zote?"

"Nyayo haziendi moja moja, shemeji."

"Na mtoto? Kazija?" Mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Bibi wewe, mtoto atakanyaga wapi?"

Mwanamvua aliinama akayarudisha yale mawe mawili mlangoni mwa pango, moja, la pili, akaulaza mti juu yake. Alipoinuka alisema yaliyobaki kwa sauti iliyotulia. Mwamba ni wenu. Ingieni, chukueni, mle. Ila mkikuta mlango umezibwa kwa mawe, aliyemo ndani si wenu, ana kazi yake, mpisheni. Na tangu sasa mimi sina mti wala pango. Msiniamkie kabla sijawaamkia.

Kisha yule mwanamke wa nyuma akasema, "Haya basi, tusisimame kama minara, maji yanageuka," na watu wakatawanyika. Walipiga vigelegele kwa kusita mwanzoni, halafu kwa nguvu pweza wa kwanza alipoinuliwa, dume, mkubwa, anapigana. Vuai alibaki nyuma kidogo. Alichukua jiwe kubwa, akaliongeza mlangoni mwa pango, akalisukuma mpaka likakaa vizuri. Ndipo akaenda kutafutia watoto wake.

*

Kurudi kulimchukua muda. Maji yalikuwa yanajaa nyuma yake na miaka inampanda. Kwenye mkondo meno mawili yalimtoka. Kwenye nyasi za bahari mgongo ulijikunja, na kisigino cha kushoto kikaanza kuuma pale penye ufa, ingawa unyayo wake wenyewe ulikuwa umebaki mbali chini ya pweza. Alikuwa mwepesi na alikuwa na huzuni. Hakuna mtu aliyekuwa anamngoja aseme kitu, na ukweli ni kwamba alikwisha kuanza kukukumbuka kule kuamkiwa, kidogo, kama mlevi aliyeacha anavyokumbuka harufu ya pombe.

Mafunda alikuwa amemleta mtoto mchangani, amemketisha mwanzo wa mchanga mbichi, mahali pa desturi. Kazija alikuwa amevaa nguo ya Idi. Alipomwona bibi yake alipiga makofi.

Mwanamvua alipita juu ya mchanga mbichi kutoka majini hadi kwao. Mafunda alimtazama miguuni, akatazama nyuma yake, mchanga ni mweupe, haujaguswa.

"Mama. Hukuzichukua?"

"Sikuzichukua. Nitakueleza."

"Utanieleza nini?" Machozi yalikuwa yanamtoka Mafunda. "Mwanangu atatambaa mpaka aolewe?"

Mwanamvua alikaa chini mbele ya mjukuu wake, akamshika miguu miwili. Ilikuwa na joto, na vidole vilikuwa havitulii. Alimwona amekaa vile vile walivyomketisha, mikono magotini, kwa utiifu mkubwa, akitazama mchanga mtupu kama alivyoutazama bamvua zote. Na ndipo bibi alipokumbuka mtungi. Aliposhikilia mtungi walimkalisha. Aliposhikilia mlango walimkalisha. Aliposhikilia mbuzi, mbuzi alifukuzwa. Neno la kwanza mtoto huyu alilolielewa duniani lilikuwa ngoja, nao wakaenda kulalamika kwa majirani kwamba anangoja.

"Mjukuu wangu," alisema. "Bibi hana nyayo tena. Hazitakuja. Basi, usingoje."

Kazija alimtazama bibi. Akamtazama mama yake. Hakuna aliyesema ngoja. Akaweka viganja chini, akainua makalio juu kwanza, akayumba, akasimama. Akainua mguu. Mafunda aliingia mbele kwa mazoea, mikono imenyooka, na Mwanamvua akamkamata pindo la kanga.

Mtoto alikanyaga mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kisha pengine. Hakuangalia chini hata kidogo. Alikuwa anatazama bahari, maana ndiko kulikokuwa na kelele za vigelegele, na hatua zake zilipinda upande kama za kaa, lakini zilikuwa zake. Nyuma yake mchanga ulijiandika, vidole vitano vitano, vidogo.

"Anafuata nini?" Mafunda alinong'ona. "Mama, anafuata nini?"

"Hafuati. Anakwenda."

Tena alikuwa anakwenda mbio, moja kwa moja kwenye maji yanayojaa. Mwanamvua alicheka huku machozi yanamtoka, akainuka na kisigino chake kibovu, akamkimbilia mjukuu wake, akapita juu ya zile nyayo ndogo zote, asiharibu hata moja.